Salamu, Shida na Simu: Lugha ya Mgonjwa na Mhudumu wa Afya ya Jamii nchini Kenya

1. Utangulizi

Uhusiano wa mgonjwa na mtabibu huanza kwa maneno kabla ya kufikia dawa. Mgonjwa hueleza, mtabibu husikiliza, na kutokana na maelezo hayo ndipo uchunguzi upatapo pa kuanzia. Kwa muda mrefu maneno hayo yalisemwa ana kwa ana, katika chumba cha zahanati au uani mwa nyumba ya mgonjwa, mahali ambapo uso, sauti na hata kimya cha msemaji vilisaidia kufafanua lile ambalo ulimi ulishindwa au ulikataa kulitamka. Tangu kuenea kwa simu ya mkononi nchini Kenya katika mwongo wa kwanza wa karne hii, sehemu ya mazungumzo hayo imehamia katika maandishi mafupi yanayosomwa juu ya kioo kidogo, na wanaoandikiana huwa mbali, kila mmoja akiwa na shughuli zake.

Mabadiliko haya yameandamana na mabadiliko ya utaratibu wa afya wenyewe. Mnamo mwaka 2006 serikali ya Kenya iliweka Mkakati wa Afya ya Jamii, ambao ulikusudia kuipeleka huduma hadi mlangoni mwa kila nyumba kwa mikono ya watu waliochaguliwa miongoni mwa wanakijiji wenyewe. Mnamo Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walizinduliwa rasmi, wakapewa mikoba ya vifaa vya uchunguzi pamoja na simu za kuwekea kumbukumbu za nyumba wanazozitembelea. Na katika mwaka huo huo ikapitishwa Sheria ya Afya ya Msingi, inayowatambua wahudumu hao. Kwa hiyo simu sasa ni chombo cha kazi cha mhudumu kama ilivyo mizani na kipimajoto.

Makala haya yanakusudia kuyaeleza mawasiliano hayo kwa upande wa lugha. Hoja yake kuu ni hii: ujumbe wa simu baina ya mgonjwa na mhudumu ni salamu kabla ya kuwa taarifa ya kitabibu, na salamu ya Kiswahili, kwa muundo wake na kwa adabu yake, humwelekeza anayesalimiwa kutoa jibu jema hata anapokuwa na baya la kusema. Utaratibu wowote wa afya usiolitambua jambo hili waweza kuihesabu adabu ya mgonjwa kuwa ndiyo siha yake. Kosa la namna hiyo gharama yake hulipwa na mgonjwa.

2. Muundo wa Salamu

Yafaa kuanza na salamu inayofundishwa kwanza kwa kila mwanafunzi wa Kiswahili. Neno *hujambo* lina sehemu mbili: kiambishi *hu-*, ambacho ni kikanushi cha nafsi ya pili umoja, na nomino *jambo*. Maana yake ya asili ni kwamba anayesalimiwa hana jambo, yaani hakupatwa na neno la kumsumbua. Jibu lake, *sijambo*, hubadilisha nafsi tu na kukiacha kikanushi mahali pake. Vivyo hivyo *hamjambo* na *hatujambo*, *hajambo* na *hawajambo*. Katika mfumo huu wote hakuna umbo la kukubali. Hapana asemaye *ninajambo* wala *anajambo* kwa maana ya kwamba amepatwa na shida. Swali lenyewe limekwisha kukanusha shida kabla mwulizwa hajafungua kinywa, na sarufi humwachia nafasi ya kuafiki tu.

Ndiyo sababu mtu mwenye homa kali, akisalimiwa *hujambo*, hujibu *sijambo* bila kujiona kuwa amesema uongo. Amejibu salamu; hali yake hajaieleza bado. Maana ya kitabibu hutokea tu pale neno hilo litumikapo kwa nafsi ya tatu, kama isemwapo kwamba mgonjwa hajambo leo, yaani amepata nafuu. Kinyume chake ni *hawezi*, neno ambalo kwa matumizi ya pwani humaanisha kwamba mtu ni mgonjwa. Lakini hata hapo maneno haya husemwa na jamaa zake kumhusu yeye.

Salamu nyingine hufuata mwelekeo huo huo ijapokuwa muundo wake ni tofauti. *Habari* ni neno lisiloegemea upande wowote, na kwa kawaida ya sarufi laweza kujibiwa kwa sifa yoyote. Hata hivyo jibu la kwanza lililozoeleka ni *njema* au *nzuri*, na baya hutajwa baadaye, likitanguliwa na *ila*, *lakini* au *isipokuwa*. Ichukuliwe mfano wa mazungumzo ya kubuni baina ya mhudumu kijana na bibi mmoja wa pwani:

– Shikamoo, bibi. Waonaje hali?
– Marahaba, mwanangu. Alhamdulillahi, twashukuru Mungu. Ila mguu huu wa kushoto wafura tangu juzi.

Mgeni asiyeijua desturi hii aweza kudhani kwamba sehemu ya kwanza ya jibu ni ya kupoteza wakati. Wenyeji wajua kwamba ndiyo inayoipa sehemu ya pili ruhusa ya kutamkwa. Bibi amemshukuru Mungu kwanza, ameupokea utu wa kijana aliyemwamkia, kisha akaleta malalamiko yake yasionekane kuwa ni manung'uniko. Neno lenye uzito wa kitabibu katika jibu zima ni *ila*. Mhudumu mwenye kuijua lugha hulingojea neno hilo. Na lisipokuja, humwangalia mgonjwa machoni na kumwuliza tena kwa njia nyingine.

Sasa yafaa kuuliza salamu hii hupatwa na nini inapoingia katika simu. Ujumbe mfupi wa simu una nafasi ya herufi 160, nao hulipiwa. Mwandishi wake huenda akawa anaandika kwa kidole kimoja, gizani, au kwa kumtuma mtoto wa shule amwandikie. Katika hali hiyo jambo la kwanza kukatwa ni lile linalokuja mwishoni, yaani *ila* na yote yanayoifuata. Aidha, pale ambapo majibu hupokewa na kuhesabiwa na mashine, neno la kwanza hushikwa kuwa ndilo jibu zima. Bibi wa mfano uliotangulia angeandika *Alhamdulillahi*, naye angewekwa katika orodha ya wasio na tatizo, huku mguu wake ukizidi kufura.

3. *Mambo?* na Majibu Yake Mawili

Mfano ulio bora wa jinsi tatizo hili lilivyokabiliwa watoka hapa hapa nchini. Kati ya Mei 2007 na Oktoba 2008, wagonjwa 538 walioanza kutumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi waliandikishwa katika kliniki tatu za Kenya kwa ajili ya utafiti ulioongozwa na daktari Richard Lester na wenzake, ambao matokeo yake yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2010. Wagonjwa 273 walikuwa wakipokea ujumbe wa simu kutoka kliniki mara moja kwa juma. 265 walipata huduma ya kawaida. Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja: *Mambo?* Mgonjwa alitakiwa kujibu katika muda wa saa 48 kwa neno moja kati ya mawili: *Sawa*, ikiwa hali yake ni njema, au *Shida*, ikiwa ana tatizo. Aliyejibu *Shida*, na yule ambaye hakujibu kabisa, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki.

Matokeo yalikuwa ya kutia moyo. Wagonjwa 168 kati ya wale 273 walisema kwamba walizitumia dawa zao ipasavyo, ilhali katika kundi la pili ni 132 kati ya 265. Wale ambao virusi vyao vilionekana kudhibitiwa walikuwa 156 katika kundi la kwanza na 128 katika la pili. Mambo haya yamejadiliwa sana na wataalamu wa tiba. Yanayowahusu wasomi wa lugha ni maneno yenyewe matatu, ambayo hayajatazamwa vya kutosha.

Kwanza, *mambo* ni wingi wa *jambo*, nomino ile ile inayokanushwa katika *hujambo*. Lakini hapa kikanushi hakipo. Badala ya kumwambia mwulizwa kwamba hana jambo, salamu hii huyataja mambo yenyewe na kuyaacha wazi. Kwa sarufi yake, basi, *Mambo?* ni swali lililo wazi zaidi kuliko *Hujambo?* Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya vijana salamu hii nayo imejipatia jibu lake la lazima, *poa* au *safi* au *fiti*, na kwa hiyo mazoea yameufunga tena mlango ambao sarufi iliuacha wazi. Utafiti huo uliufungua kwa kuyaondoa majibu yaliyozoeleka na kuweka mengine mawili mahali pake.

Pili, na hili ndilo la msingi, neno *shida* lilipewa nafasi ya kuwa jibu la kwanza la salamu. Katika adabu ya kawaida mtu akiulizwa *mambo* akajibu *shida*, amekatiza desturi. Ataonekana kuwa ana deni la kuomba au neno la kulaumu. Katika utaratibu wa kliniki neno hilo lilifanywa kuwa halali. Mgonjwa hakuhitaji *ila* wala *lakini*, wala hakuhitaji kumshukuru Mungu kwanza ili aruhusiwe kulalamika. Alipewa pamoja na salamu ruhusa ya kusema kwamba hali si njema. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini mtu huuficha uchi wake kwa sababu adabu ilimfundisha kufanya hivyo, na haitoshi kumwambia asifiche bila ya kumwonyesha mahali anapoweza kuufunua pasipo fedheha.

Tatu, upana wa neno *shida* ulikuwa na faida. Neno hili, lenye asili ya Kiarabu, halikufungwa katika maradhi. Shida yaweza kuwa kichefuchefu kitokanacho na dawa. Yaweza pia kuwa ukosefu wa nauli ya kwenda kliniki, ukosefu wa chakula cha kumezea dawa, au mume aliyeigundua chupa ya dawa kabatini. Swali lililoulizia dalili za ugonjwa peke yake lisingeyapata hayo yote, ingawa kila moja laweza kumfanya mgonjwa aache dawa.

Nne, kimya kilihesabiwa kuwa ni jibu. Wasemao Kiswahili wana methali isemayo kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na utaratibu wa saa 48 uliitekeleza maana hiyo kwa vitendo: asiyejibu alitafutwa sawa na aliyesema ana shida.

4. Upana wa Neno *Sawa*

Ikiwa neno *shida* lilichaguliwa vizuri, neno *sawa* lahitaji kuangaliwa kwa hadhari zaidi. Katika Kiswahili kinachosemwa Kenya leo, neno hili hufanya kazi zisizopungua nne. Laweza kumaanisha kwamba hali ni njema. Laweza kumaanisha kukubali jambo lililopendekezwa. Laweza kumaanisha tu kwamba ujumbe umefika na umesomwa. Tena laweza kutumika kuyafunga mazungumzo, hasa msemaji anapotaka kuondoka bila ya kuendelea kuhojiwa. Mgonjwa anayejibu *Sawa* huenda akawa na maana yoyote kati ya hizi, na herufi zile nne hazionyeshi ni ipi.

Katika mazungumzo ya ana kwa ana maana hizo hutenganishwa na sauti, na mara nyingi na chembe ndogo zinazoongezwa. *Sawasawa* hutilia mkazo. *Sawa tu*, kama ilivyo *nzuri tu*, huweza kudokeza kwamba msemaji amejikalia na hali yake, hana la kuongeza, au hataki kuliongeza. Chembe hii *tu* ni kama mlango ulioachwa wazi kidogo, na mhudumu mzoefu huusukuma kwa swali jingine. Katika utaratibu unaokubali neno moja tu, chembe hiyo hupotea.

Kwa hiyo hapana budi kukiri kwamba maneno mawili hayatoshi kwa kila mgonjwa na kila wakati. Utafiti mwingine wasaidia kuonyesha mipaka hiyo. Huko Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, wagonjwa walitumiwa ujumbe wa kuwakumbusha dawa zao, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Miongoni mwa waliokumbushwa mara moja kwa juma, asilimia 53 walifikia kiwango cha kumeza angalau asilimia 90 ya dawa zao katika muda wa majuma 48, ilhali miongoni mwa wasiokumbushwa ilikuwa asilimia 40. Ujumbe wa kila siku haukuleta tofauti hiyo, wala maneno ya kutia moyo yaliyoongezwa katika ujumbe mrefu hayakuwa na faida kuliko ukumbusho mfupi. Tena, uchunguzi uliofanywa jijini Nairobi kwa wagonjwa 700 waliokuwa katika mwaka wao wa kwanza wa huduma ya VVU, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba ujumbe wa kila juma wa aina ile ya *Mambo?* haukuongeza idadi ya wagonjwa waliobaki katika huduma.

Matokeo haya yasichukuliwe kuwa yanapingana bure. Kwa upande wa lugha, yanadokeza kwamba salamu ina kipimo chake. Jamaa anayepiga hodi mara moja kwa juma hupokewa. Anayepiga hodi kila siku kwa maneno yale yale huzoewa, na mwishowe hasikiki. Tena maneno mengi ya kutia moyo yasiyotoka kwa mtu anayejulikana hayana uzito wa neno moja linalotoka kwa mtu aliye tayari kupiga simu baadaye. Neno *Mambo?* halikuwa na nguvu za peke yake. Nyuma yake palikuwa na mhudumu aliyelisubiri jibu.

5. Siri, Tafsida na Simu ya Watu Wengi

Jambo jingine linaloitenga lugha ya simu na lugha ya chumba cha daktari ni suala la siri. Katika nyumba nyingi simu hushikwa na zaidi ya mtu mmoja. Mtoto huichezea, mume huifungua, jirani huiazima kupokea pesa. Ujumbe unaotaja jina la ugonjwa au la dawa waweza kusomwa na asiyekusudiwa, na madhara yake kwa mwenye ugonjwa yakawa makubwa kuliko ya ugonjwa wenyewe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeziweka habari za afya ya mtu miongoni mwa habari nyeti zinazostahili ulinzi wa pekee. Lakini sheria haiwezi kuizuia simu isiangukie mikononi mwa shemeji.

Hapa tena neno *Mambo?* lina hekima yake. Kwa msomaji asiyehusika, ni salamu ya rafiki. Halina dalili ya hospitali. Ni tafsida iliyokamilika kwa sababu haionekani kuwa ni tafsida. Katika mazungumzo ya kawaida Ukimwi ulijipatia majina mengi ya mzunguko, mathalani *mdudu*, au kule kusema kwamba mtu *amekanyaga waya*. Majina hayo yalianza kama sitara, lakini baada ya kujulikana na wote yakawa makali kuliko jina la asili, kwani yalitia dhihaka juu ya msiba. Hii ndiyo hatima ya tafsida nyingi: ikisha kuzoewa huacha kufunika. Salamu haina hatari hiyo, maana hutumiwa na watu wote kwa mambo yote.

Hata hivyo salamu nayo ina umri na cheo. *Mambo?* ni lugha ya vijana na ya marika. Mzee wa miaka sabini anayepokea neno hilo kutoka kwa mhudumu aliye na umri wa mjukuu wake huenda akaona amevunjiwa heshima, na mtu aliyevunjiwa heshima hatoi siri zake. Kwake yeye ingefaa *Shikamoo* ikiwa ni mtu wa pwani, au *Habari yako, mzee* ikiwa ni mtu wa bara, na jina la heshima kama *mama fulani* au *baba fulani* litangulie. Mgonjwa naye ana majina yake kwa mhudumu: wengi humwita *daktari* kila atoaye dawa, na *sista* kila muuguzi wa kike. Majina haya si makosa ya kurekebishwa. Ni njia ya mgonjwa ya kuupima umbali uliopo baina yake na yule anayemwomba msaada.

Kuna pia mawasiliano yasiyo na maneno kabisa. Mgonjwa asiye na pesa za simu hupiga na kukata kabla haijapokewa, jambo ambalo Wakenya huliita *kuflashi* na Watanzania *kubipu*. Kitendo hicho ni tamko kamili lenye maana ya *nipigie*. Kwa mhudumu anayemjua mgonjwa wake, mlio mmoja usiku wa manane waweza kuwa na habari nyingi kuliko fomu nzima.

6. Majina ya Maradhi na Maswali Yaliyopangwa

Simu aliyonayo mhudumu wa leo haipeleki salamu tu. Ina maswali yaliyopangwa tayari, ambayo mhudumu huyajaza nyumba kwa nyumba. Maswali hayo yana faida ya kuhakikisha kwamba hakuna dalili ya hatari iliyosahauliwa. Lakini huanzia mahali ambapo mazungumzo ya kawaida huishia, yaani kwenye dalili, na huyataka majibu yaingie katika visanduku vilivyotengenezwa na wataalamu wasiokuwapo.

Ugumu hujitokeza kwa kuwa majina ya maradhi katika Kiswahili hayalingani moja kwa moja na majina ya kitabibu. *Homa* kwa mmoja ni joto la mwili, kwa mwingine ni mafua, na kwa wa tatu ni malaria yenyewe. *Presha* hutajwa pasipo kubainishwa kama imepanda au imeshuka. *Tumbo* ni la chakula, tena ni la uzazi, na mwanamke anayemwandikia mhudumu wa kiume kwamba anaumwa na tumbo huenda akawa ameteua neno hilo makusudi kwa ajili ya kujistahi. Mama mjamzito aandikaye kwamba *chupa imepasuka* anatoa habari ya dharura ya uzazi, na asiyeijua lugha hiyo atadhani anasikitikia chombo.

Mfano mzito kuliko yote ni *degedege*. Kwa wasemaji wengi wa pwani na bara neno hili ni jina la ugonjwa kamili wa watoto, ambao jina lake lahusishwa na ndege. Na katika sehemu za Kilifi hutumika pia *nyuni*, neno la kale lenye maana hiyo hiyo ya ndege. Kwa mtabibu, mtoto mwenye joto kali anayetukutika aweza kuwa na malaria kali, naye ahitaji kufikishwa hospitali bila kuchelewa. Kwa mzazi anayeamini kwamba degedege ni kazi ya ndege au pepo, hospitali si mahali pa kwanza pa kukimbilia. Fomu inayouliza kama mtoto ana malaria yaweza kujibiwa *la* na mzazi mkweli ambaye mtoto wake yumo hatarini. Mhudumu anayelijua neno *degedege*, na anayeliuliza kwa jina lake, ndiye atakayemwokoa mtoto huyo.

Suala hili limepata uzito mpya kwa kuwa sasa hata mashine hufundishwa kuyasoma maandishi ya wagonjwa. Shirika la Jacaranda Health, ambalo huwatumia kina mama wajawazito na waliojifungua ujumbe mfupi kwa Kiswahili na Kiingereza na kuyapokea maswali yao, lilitoa mnamo mwaka 2023 modeli ya lugha ya Kiswahili iliyopewa jina la UlizaLlama. Maswali ya kina mama hayaji kwa Kiswahili cha vitabuni. Huja yakiwa yamekatwa irabu, yamechanganywa na Kiingereza, Sheng na lugha ya kwanza ya mwandishi. Mashine yoyote iliyolelewa kwa Kiswahili sanifu peke yake itamwelewa vizuri mwalimu wa lugha, na kumpoteza mama aliye katika uchungu.

Yafaa hapa kukumbusha kwamba walimu wa Kiswahili nchini wamefanya juhudi kubwa ya kuunda istilahi za mawasiliano mapya. *Rununu* na *arafa* zimeingia katika vitabu vya shule, ilhali wagonjwa huendelea kusema *simu* na *meseji*. Istilahi hizo hazina ubaya. Lakini juhudi iliyotumika kukipa chombo jina ingepaswa kulinganishwa na ile inayotumika kuyachunguza maneno yanayopita ndani ya chombo hicho, ambayo hadi sasa yameachiwa kwa kiasi kikubwa wataalamu wa tiba na wa mashine.

7. Hitimisho

Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 humpa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu cha afya kinachowezekana, na kifungu cha 7 chaifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Vifungu hivi viwili havijasomwa pamoja mara nyingi, ingawa vinakutana kila mhudumu anapoandika *Habari yako, mama* katika simu yake.

Imeonyeshwa katika makala haya kwamba salamu ya Kiswahili humtaka mtu aseme jema kwanza. Kwamba baya lina mahali pake pa adabu, baada ya *ila*. Kwamba simu hulikata *ila* hilo. Na kwamba utaratibu uliompa mgonjwa neno la halali la kutaja shida yake, na mtu wa kulipokea neno hilo, ulimfaa. Yatokanayo na hayo ni kazi tatu kwa idara za lugha. Ya kwanza ni kukusanya kwa idhini ya wenyewe, na kwa kuficha majina yao, lugha halisi ya ujumbe wa wagonjwa katika sehemu mbalimbali za nchi, ili maana za maneno kama *sawa*, *homa* na *tumbo* zijulikane kwa ushahidi. Ya pili ni kushirikiana na idara za tiba katika kuyatunga maswali ya fomu za simu, ili kila swali la kitabibu liwe na jina linalotumiwa na mzazi kijijini. Ya tatu ni kuliingiza somo la adabu ya mazungumzo katika mafunzo ya wahudumu wa afya ya jamii, si kwa kuwafundisha Kiswahili wanachokijua tayari, ila kwa kuwapa nafasi ya kulitambua na kulitaja lile wanalolifanya kila siku bila kulifikiri: kumngojea mgonjwa amalize kushukuru, kisha kumwuliza tena.

Kazi hizi hazihitaji mitambo mipya. Zahitaji usikivu kwa neno dogo, na kwa kimya kinacholifuata.